Usimpime Mungu kwa Vipimo Viwili

SOMO LA MWEZI

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Habakuki 1:12-13, Matendo 12:1-11, Waebrania 11:32-40.

Lengo la somo: Kujifunza kupima kama mambo tunayoamini kuhusu Mungu yanapatana, ili maneno yetu yasimuumize mwenzetu wala kumsingizia Mungu.



Kila anayenunua maharage sokoni kwetu analijua kopo lililobonyezwa kitako. Kwa macho linafanana na makopo mengine, lakini ukifika nyumbani na kupima tena unaona umepunjwa. Wako pia wachuuzi wenye makopo mawili: kubwa la kununulia mahindi kwa mkulima, na dogo la kuuzia. Torati inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni, au vipimo viwili nyumbani mwake, na inasema kwamba jambo hilo ni chukizo kwa Bwana. Mithali 20:10 inarudia neno hilo hilo.

Mwezi huu natamani tulitoe neno hili sokoni na kulileta kanisani. Mtu anaweza kuwa mwaminifu katika maharage na bado akawa na vipimo viwili katika maneno anayosema kuhusu Mungu: kimoja kwa siku yake ya furaha, kingine kwa siku ya msiba wa jirani. Anayepunjwa hapo ni mama aliyefiwa na mtoto, au kijana ambaye kesi yake imekataliwa. Anasikiliza ushuhuda wetu Jumapili moja, mbili, tatu, kisha haji tena. Nasi tunasema, "Amerudi nyuma." Je, tumejiuliza ni nani aliyemsukuma?

1. JE, NI DHAMBI KUIPIMA IMANI?

Wako ndugu wanaosema kwamba imani haiulizwi, na kwamba akili ni adui wa Roho. Lakini tazama jinsi Maandiko yenyewe yanavyofanya.

Ibrahimu alisimama mbele za Bwana kwa ajili ya Sodoma (Mwanzo 18:23-25). Hoja yake ilikuwa hii: wewe ni Mwamuzi wa dunia yote, na mwamuzi wa haki hamwangamizi mwenye haki pamoja na mwovu, basi itakuwaje? Aliweka pamoja mambo mawili, tabia ya Mungu na tendo linalotazamiwa, akauliza yanapatanaje. Mungu hakumkemea. Alimjibu mara sita.

Nabii Habakuki alifanya vivyo hivyo. Alisema kwamba macho ya Mungu ni safi hata hayawezi kuutazama uovu, kisha akauliza mbona basi anawatazama watendao hila na kunyamaza. Swali hilo halikufutwa. Limo katika Biblia yetu hadi leo.

Bwana Yesu aliposhitakiwa kwamba anatoa pepo kwa nguvu za Beelzebuli, alionyesha kwamba shitaka hilo linajipinga lenyewe: Shetani akimtoa Shetani, ufalme wake utasimamaje? (Mathayo 12:25-26). Na Paulo, katika 1 Wakorintho 15:12-19, anawashika Wakorintho kwa maneno yao wenyewe. Walisema hakuna ufufuo wa wafu. Vema, kama ndivyo, Kristo naye hakufufuka. Kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure. Kama mahubiri ni bure, bado mko katika dhambi zenu. Anawavuta pingili kwa pingili mpaka waone mwisho wa njia waliyoianza.

Kwa hiyo kuipima imani ni kazi iliyofanywa na baba wa imani, na nabii, na mtume, na Bwana mwenyewe.

2. NAMNA YA KUPIMA

Chuoni tulifundishwa jambo hili kwa maneno makubwa, lakini linaweza kufanywa na mtu yeyote, hata asiyejua kusoma. Kuna hatua 4.

(a) Sema unachoamini kwa sentensi moja fupi. Usitumie maneno ya kuzunguka. "Mungu ni mwema." "Mungu anaweza yote." "Mgonjwa mwenye imani hupona."

(b) Uliza: kama sentensi hii ni kweli, nini kinafuata? Fuata hata kama hupendi inakokwenda.

(c) Mpe jirani kipimo hicho hicho. Kama ni kweli kwangu mimi niliyepata, lazima iwe kweli kwake yeye aliyekosa. Hapa ndipo kopo la pili linapoonekana.

(d) Sentensi zako mbili zikigongana, usizifunike zote kwa "Amina". Angalau moja ina kasoro. Zipeleke kwa Maandiko ujue ni ipi ya kurekebisha.

Sasa tujaribu mambo matatu tunayoyasikia kila mara katika makazi yetu.

3. "MUNGU AMENIPA KWA SABABU NILIFUNGA"

Tuchukue mfano wa akina mama wawili wa zoni moja. Watoto wao wameshikwa na malaria wiki moja. Wote wawili wamefunga na kuomba, wote wamewapeleka watoto kituo cha afya. Mmoja anapona, mwingine anazikwa. Jumapili mama wa kwanza anasimama kushuhudia: "Mungu ameniponyea mtoto kwa sababu nilifunga siku 3 bila kuyumba." Kanisa linapiga makofi. Mama wa pili amekaa benchi la nyuma.

Tupime. Kama mtoto alipona kwa sababu mama alifunga bila kuyumba, basi nini kinafuata kuhusu mama wa pili? Ama aliyumba, ama Mungu anampenda kidogo. Hakuna aliyelitamka neno hilo, lakini limo ndani ya ushuhuda, na mama yule amelisikia wazi. Nasi tunakiri pia kwamba Mungu hana upendeleo (Matendo 10:34). Sentensi hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja.

Hebu Maandiko yaamue. Katika Matendo 12 Herode anamwua Yakobo ndugu wa Yohana kwa upanga. Mistari michache baadaye malaika anamtoa Petro gerezani. Ni sura moja, kanisa moja, Mungu mmoja. Luka hasemi popote kwamba Yakobo alikuwa na imani pungufu. Waebrania 11 inaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi: mstari wa 34 wako walioepuka makali ya upanga kwa imani, na mstari wa 37 wako waliouawa kwa upanga. Mstari wa 39 unasema hao wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Waliopona na waliokufa wameandikwa katika orodha moja.

Vivyo hivyo kwa anayefundisha kwamba mwenye imani haugui. Nini kinafuata? Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Alimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Yeye mwenyewe aliomba mara 3 mwiba uondolewe, na haukuondolewa (2 Wakorintho 12:7-9). Mwenye fundisho hilo itambidi aseme kwamba Paulo alipungukiwa na imani. Sidhani kama kuna atakayethubutu.

Jambo hili linahusu hata safari za ng'ambo. Kwa miaka mingi tumesikia ushuhuda wa namna hii: "Nilikesha mlimani, ndiyo maana kesi yangu ilikubaliwa." Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watu waliokwisha kupimwa afya na kupangiwa tarehe ya ndege walibaki na mizigo yao, na wengine walikuwa wameuza vyombo vyote vya nyumbani. Je, wote hao waliacha kuomba wiki moja? Au Mungu aliwapenda waliopanda ndege Desemba kuliko waliopangiwa Februari? Ukilipima fundisho lile kwa kopo moja, linavunjika mikononi.

Mtu atauliza: basi maombi ni bure? Hasha. Yakobo 5:16 inatuamuru kuombeana. Lakini anayeomba anamwendea Baba. Hashiki mkononi hati ya kudai. Bwana Yesu aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke, na alikinywa (Mathayo 26:39-44). Hakuna anayeweza kusema kwamba maombi yale yalikuwa dhaifu. Vijana watatu wa Danieli 3:17-18 walisema mambo mawili kwa pumzi moja: Mungu wetu aweza kutuokoa na tanuru, na hata asipotuokoa hatutaisujudia sanamu. Imani yao ilikuwa imepimwa kabla ya moto kuwashwa, ndiyo maana haikutegemea matokeo.

Hivyo tutofautishe shukrani na sababu. Shukrani husema, "Nimepokea hili kutoka kwa Mungu." Sababu husema, "Nimepokea kwa kuwa mimi nilifanya hivi." Shukrani hupita katika kipimo, kwa maana haimshitaki mtu. Maelezo ya sababu mara nyingi hayapiti, nasi hatukuombwa kuyatoa.

4. "KILA KINACHOTOKEA NI MAPENZI YA MUNGU"

Neno hili tunalisema kwenye matanga ili kufariji. Lakini wengi wetu tulikimbia vita vya mwaka 1996, vya mwaka 1998, na vile vilivyofuata. Tumeona vijiji vikichomwa. Dada zetu wametendewa mambo ambayo siyaandiki hapa. Tupime: kama kila kinachotokea ndicho Mungu anachokipenda, basi aliyeshika kiberiti siku ile alikuwa akitimiza mapenzi ya Mungu, na anastahili kupewa asante. Moyo wako unakataa? Unakataa vizuri. Mithali 6:16-17 inasema Bwana anaichukia mikono imwagayo damu isiyo na hatia.

Tena Bwana alitufundisha kuomba mapenzi ya Mungu yatimizwe duniani kama huko mbinguni (Mathayo 6:10). Hatuombi kitu ambacho tayari kinafanyika kila mahali. Tukiomba maji yaje bombani, ni kwa sababu bomba ni kavu. Sala ile inakiri kwamba duniani mengi yanatendeka kinyume cha mapenzi yake.

Basi tuseme nini? Yusufu anatusaidia. Katika Mwanzo 50:20 anawaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, lakini Mungu alikusudia mema katika jambo lile lile. Angalia kwamba Yusufu haugeuzi uovu kuwa wema. Kumwuza ndugu kulikuwa uovu na kumebaki uovu. Lakini Mungu hakushindwa nao. Kwa hiyo tunaweza kukiri pamoja kwamba Mungu anatawala, na kwamba Mungu anauchukia uovu, bila kopo la pili. Tusichoweza kukiri ni kwamba uovu ule ulimfurahisha.

5. "MUNGU ANAWEZA YOTE"

Vijana wa shule ya sekondari wameleta swali ambalo ni la zamani: je, Mungu anaweza kuumba jiwe zito asiloweza kuliinua? Ukisema ndiyo, kuna jiwe limshindalo. Ukisema hapana, kuna jiwe asiloweza kuliumba. Wengine waliwafukuza vijana hao kwa kuwa wanamdhihaki Mungu. Hapana, tuwajibu.

Thoma wa Akwino, mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba uwezo wa Mungu unahusu kila jambo linaloweza kuwa, lakini maneno yanayojipinga yenyewe si jambo lolote. Mtu akikuomba umchoree mraba wa duara, ukashindwa, hujakosa ufundi. Hakuna kitu kilichoombwa, ni sauti tu. "Jiwe lisiloinuliwa na yule anayeinua vyote" ni mraba wa duara.

Tena Biblia yenyewe inataja mambo ambayo Mungu hawezi: hawezi kusema uongo (Tito 1:2), hawezi kujikana mwenyewe (2 Timotheo 2:13), hawezi kujaribiwa na maovu (Yakobo 1:13). Je, huo ni udhaifu? La. Kusema uongo ni kazi ya mwoga na mnyonge. Hivyo sentensi yetu haitupwi, inanyooshwa: Mungu anaweza yote yanayopatana na yeye alivyo. Na hii ni habari njema kwetu, maana ahadi ya mtu awezaye kusema uongo haina uzito.

6. KUPATANA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Hapa natoa onyo. Marafiki wa Ayubu walikuwa na mafundisho yaliyopatana vizuri sana. Walisema: kila ateswaye ametenda dhambi, Ayubu anateswa, basi Ayubu ametenda dhambi. Hakuna kosa katika hesabu hiyo. Elifazi anaianza katika Ayubu 4:7-8, na Bildadi anafika mpaka kusema kwamba watoto wa Ayubu waliokufa walivuna makosa yao (8:4). Fikiria kumwambia hivyo baba aliyezika watoto kumi!

Lakini mwishoni Mungu anawakasirikia kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa juu yake (42:7). Kosa lilikuwa katika sentensi ya kwanza. Ukianza na bei ya uongo, hata ukijumlisha sawasawa, deni lote ni la uongo. Bwana Yesu aliikataa sentensi ile mara mbili: aliposema juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4-5), na alipoulizwa juu ya yule aliyezaliwa kipofu (Yohana 9:1-3).

Kwa hiyo imani inayogongana yenyewe hakika ina kosa mahali fulani. Lakini imani inayopatana yenyewe bado inahitaji kupimwa kwa Neno la Mungu na kwa maisha ya watu tunaowaona.

7. FUMBO NA MGONGANO SI KITU KIMOJA

Swali kubwa linabaki. Mungu ni mwema, Mungu anaweza yote, na uovu upo. Je, hizi sentensi tatu zinagongana? Watu wameuliza tangu kabla ya Kristo. Swali hili linahesabiwa kuwa la Epikuro, mwanafalsafa wa Wayunani. Mwaka 1955 mwanafalsafa wa Australia, J. L. Mackie, aliandika kwamba zinagongana kabisa na haziwezi kuaminiwa pamoja. Mwaka 1974 Mkristo wa Marekani, Alvin Plantinga, alijibu kwamba ili zigongane lazima uongeze sentensi ya nne, kwamba aliye mwema na mwenye uwezo hawezi kamwe kuwa na sababu njema ya kuruhusu ubaya. Na hiyo ya nne haijathibitishwa na mtu.

Mtoto mchanga akichomwa sindano akiwa mikononi mwa mama yake, anajua mama ni mwema, anajua mama ana nguvu, na anasikia maumivu. Mambo hayo matatu hayagongani. Kuna sababu, lakini mtoto haijui. Hilo ni fumbo. Mgongano ni sentensi mbili zinazofutana. Fumbo ni sentensi za kweli ambazo hatujaona kiungo chake. Kumbukumbu la Torati 29:29 inasema mambo ya siri ni ya Bwana.

Lakini tahadhari mbili. Kwanza, tusikimbilie neno "fumbo" ili kuficha kopo lililobonyezwa; mahubiri yanayomlaumu mfiwa si fumbo, ni kosa. Pili, mfano wa sindano ni wa kutuliza akili darasani. Usiupeleke kwenye matanga. Matangani tumeagizwa kulia pamoja na waliao (Warumi 12:15), na Zaburi 34:18 inatuambia Bwana yuko wapi saa ile: karibu na waliovunjika moyo.

TUFANYE NINI?

Naomba kila atakayesimama kushuhudia ajiulize kwanza: je, naweza kuyasema maneno haya mbele ya yule aliyeomba kama mimi na hakupata? Kama siwezi, niyanyooshe. Mama wa kwanza angeweza kusema hivi: "Mtoto wangu amepona, namshukuru Mungu. Mtoto wa jirani yangu amelala. Sijui kwa nini. Mungu wetu ni mmoja, naye hajamwacha. Naomba twende kwake leo mchana." Ushuhuda huo hauhitaji kopo la pili, na yule mama wa benchi la nyuma anaweza kuusikiliza mpaka mwisho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Taja sentensi moja kuhusu Mungu unayoipenda kuisema. Ipitishe katika hatua 4. Imepita?
2. Soma Waebrania 11:32-40. Kwa nini mwandishi aliwaweka waliookolewa na waliouawa katika orodha moja?
3. Mgao wa chakula ukipunguzwa, huwa tunasema nini juu ya Mungu? Tungesema hivyo hivyo kama ungeongezwa?
4. Je, yuko mtu katika zoni yenu aliyeacha kuja kanisani baada ya msiba? Ni nani atakayemtembelea wiki hii, na atamwambia nini? Au atanyamaza tu na kukaa naye?

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliye mmoja jana na leo na hata milele, tupe ulimi wa kipimo kimoja. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu na mkimbizi mwenzenu.